Nukta Iliyopotea Kwenye Picha

Kama uko Balambala saa hii, acha kila kitu, kimbia kisimani umwambie Abti Noor afunge maji! Simu yake haipatikani. Ukifika, niandikie hapa chini.

Abti ni mjomba wangu. Ndiye anaendesha mashine mpya ya kutia klorini kwenye maji. Mimi niko Garissa, nilipewa kazi ya kutengeneza kitabu cha kumwelekeza.

Kazi rahisi, si ndiyo?

Nikapiga skrinshoti za programu inayoendesha mashine, nikazituma kwa simu kwa jamaa wa duka la kuchapa. Kama picha, si kama faili, kwa hivyo zikabanwa, zikapoteza ubora. Sote tunafanya hivyo, msinihukumu.

Akaniuliza, "Zimefifia. Nizivute zijae ukurasa?"

Nikamwambia vuta tu, gari la kupeleka kitabu Balambala linaondoka.

Leo baada ya swala ya adhuhuri nikafungua nakala yangu. Kwenye skrini, kipimo cha dawa ni 1.5. Kwenye karatasi ni 15. Ile nukta imemezwa na ukungu.

Nimepiga simu mpaka basi. Mtandao wa huko mnaujua.

Sasa hivi umeingia ujumbe wake wa sauti:

"Wallahi kitabu ni kizuri. Namba kubwa, hata bila miwani naona. Nimeweka kumi na tano, kama picha inavyosema. Lakini niambie kitu. Ngamia wana kiu, wananusa maji, halafu wanarudi nyuma. Kwa nini? Kina mama wameshajaza mitungi, wameenda nyumbani."