Gunia la Mwarobaini

Kwa miaka miwili nilifika nyumbani Kithimani kila mwisho wa mwezi na gunia tupu, nikaondoka nalo limejaa majani ya mwarobaini. Mama ndiye aliyeyachuma na kuyaanika kivulini, kwa kuwa nilimwambia jua linayaharibu. Mimi ni fundi wa maabara. Kazini tuliyasaga, tukayaloweka, tukayachuja, kisha tukawanywesha panya wenye kisukari yale maji machungu. Sukari yao iliposhuka, nilimsimulia Mama kwa mbwembwe, kana kwamba mti ule niliupanda mimi. Mama naye alikuwa na sukari.

Nilipaswa kumweleza kwamba panya si mtu, kwamba kipimo cha binadamu hatukijui, na kwamba vidonge vya kliniki asiviache. Nilidhani hayo yanajulikana. Kusoma nako kuna ujinga wake, na wangu ulikuwa mkubwa.

Kidonda kilianza na mwiba, kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu, akaendelea kupalilia kunde zake. Dada yangu aliponiita, kidole kilikuwa kimeshageuka rangi. Akitafuta karatasi za kliniki kabatini, alikuta kopo la majani chai limejaa vidonge, vya miezi na miezi, havijaguswa. Mama alikuwa akivichukua kila mara ili asimvunje moyo muuguzi. Anakuja navyo nyumbani, anavihifadhi vizuri, kisha anachemsha mwarobaini.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Aliporudi nyumbani nilikaa naye barazani. Nilikuwa na hasira, nyingi yake juu yangu mwenyewe, lakini iliyotoka mdomoni ilimwangukia yeye. Nilimuuliza ni nani alimwambia aache dawa.

"Ni wewe," alisema, bila ukali. "Kama si dawa, mbona mlikuwa mnaifuata hadi hapa na gunia?"

Kuku walikuwa wakiparua chini ya mwarobaini, na matawi ya chini hayakuwa na jani hata moja.

"Na wale panya," akauliza, "walipona?"

Nilimwambia ukweli, nikiwa nimechelewa sana. Sukari yao ilishuka, kisha tukawaua wote ili tutazame maini yao.

Mama alivuta leso akafunika pale mguu ulipoishia.

"Ungeniambia na hiyo," alisema.