Mikeka Juu ya Pampu ya Mama

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa mama, hakulia mbele yetu. Alihamia ukingoni mwa Mto Tana, akajiunga na wanawake wenzake, wote wafugaji waliobaki na fimbo tu, wakaanza kulima nyanya. Mwaka huu serikali ikawapa pampu ya sola waijaribu msimu mmoja. Ikishindwa kumwagilia shamba, inapelekwa kwa kikundi kingine.

Nayo ikashindwa. Asubuhi maji yalitoka vizuri, jua likipanda yanakatika. Maua ya nyanya yakaanza kudondoka, na mama akaacha kula vizuri. Mimi nafundisha katika shule ya Waberi, shambani nilikuwa nafika jioni tu, na kila jioni nilikuta mitaro mikavu. Serikali niliichukia kweli kweli.

Basi nikaenda kwa afisa wa kilimo, nikampa vidonge vyake. Nilimwambia wametuletea mtambo mbovu kwa kuwa sisi watu wa huku hatuna wa kututetea. Yule bwana hakubishana. Alivaa kofia, akasema, "Twende sasa hivi, mwalimu."

Tulifika saa saba mchana. Paneli hazikuonekana. Zilikuwa zimefunikwa mikeka, ile minene tunayoezekea nyumba zetu za kuhamahama, na kila mwanamke alikuwa ameleta wake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, nani amefunika?" afisa aliuliza.

"Ni sisi," mama alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wallahi, ng'ombe yangu yote jua ilimaliza. Hii kioo nilishika, iko moto kama mtoto mgonjwa. Nikasema hii bambu ya maji nayo ikikufa, mimi nitabaki na nini?"

Siku ya mafunzo ya pampu wote walikuwa msibani, na hakuna aliyerudi kuwaeleza. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi juani, kiwe maziwa, kiwe ndama, awe mgeni. Ningeshinda pale mchana, badala ya kufika jioni mikeka imeshaondolewa, pengine ningefunika na mimi, pamoja na cheti changu cha ualimu.

Afisa aliikunja mikeka mwenyewe, bila kucheka. Kwa hilo namwombea dua mpaka leo. "Mama," alisema, "chakula cha hii ni jua. Iachie ishibe." Bomba likakohoa, likatoa hewa, kisha maji yakaja kwa nguvu na kujaza mtaro wa kwanza, na wa pili.

"Pampu inabaki hapa," afisa akasema.

Mama akainua uso akalitazama jua, lile lile lililomfilisi. Kisha akakaa chini, miguu ndani ya mtaro, na ndipo akalia. Aliwalia ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mbele yetu sote, na maji yakizidi kupita kuelekea kwenye nyanya.