Nane ya Uru Sikioni mwa Mtamba

Mwezi uliopita niliingia duka moja pale Tukuyu mjini, karibu na stendi, nikaomba pakiti ya karata. Muuzaji, kijana wa juzi tu, akanipa. Nikaifungua, nikainusa, nikaipinda kwa dole gumba, kisha nikaisogeza sikioni na kuziachia karata zikimbizane. Kijana akaniangalia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mama, unanunua karata au samaki?"

Nikamwambia alete pakiti nyingine. Akaleta, nikainusa na hiyo. Ya tatu ndiyo niliyoikubali, na nikataka nyingine yenye mgongo uleule. Wakati natoka nilimsikia akimwambia jirani yake wa duka kwamba wateja wengine ni mtihani.

Na aseme. Mimi nilifundishwa kuchagua karata kabla sijajua kuchagua nyanya, na aliyenifundisha nusura afukuzwe kijijini kwa ajili ya karata moja. Kaa nikusimulie, maana mvua hii ya kwetu haina haraka ya kukatika, nawe huna pa kwenda.

Tuliishi kwa Bibi, njia ya kwenda Mpuguso: Bibi, mimi, na Mjomba aliyekuwa kitinda mimba wake. Mama yangu alifanya kazi hospitalini Igogwe, akija nyumbani kila alipopata ruhusa. Mjomba alikuwa kwenye kiwanda cha chai mpaka walipoanza kupunguza watu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yakijaa vitu vya kila rangi baada ya ukame mrefu. Tuliokuwa tukifulia majani ya mpapai sasa tuliona sabuni zimepangwa mpaka darini. "Sabuni ipo, kazi ndiyo hakuna," Bibi alikuwa akisema, na mwanawe akirudi nyumbani na buti zake za kiwandani na mikono miwili isiyojua kutulia.

Mikono hiyo ilikuwa na siri. Kule kiwandani dereva mmoja wa lori kutoka Malawi, aliyezoea kukaa siku kadhaa akisubiri mzigo, alimfundisha Mjomba mazingaombwe ya karata, akamwapisha kitu kimoja: usifunue. Ukiufunua mchezo umeuua. Basi alipokosa kazi, Mjomba alianza kuzunguka kwenye magulio, na watu wakimtupia chochote walichokuwa nacho, mkungu wa ndizi, viazi, siku nyingine kuku mzima. Nyumbani tulikula. Nakumbuka mbalaga ya Bibi, ndizi zimepikwa na maharage mpaka zimelainika, moshi wa kuni machoni, mvua inapiga bati, na Mjomba kule pembeni akizichanga karata bila hata kuzitazama.

Kazi yangu ilikuwa kwenda naye mjini kuchagua karata. Zamani kijiji kizima kilikuwa na pakiti moja, imechakaa, na mfalme wa shupaza alikwishapotea, mahali pake pamewekwa kipande cha boksi la sigara kilichochorwa kwa kalamu. Mazingaombwe gani utafanya kwa karata ambazo kila mtu anazijua kwa mikunjo yake? Ruksa ilipokuja, karata nazo zikaja, nyingine zikipitia mpakani Kasumulu, nyingine zikitokea Dar. Hapo Mjomba akawa mteuzi kupita bwana harusi.

"Zinazong'aa ziache," aliniambia. "Zinateleza kama sabuni, zitakutia aibu mbele za watu." Karata ya mazingaombwe iwe ya karatasi ngumu kiasi, ukiipinda irudi yenyewe, isibaki imeinama kama mtu mwenye deni. Mgongo uwe na mpaka mweupe pembeni. Ukubwa wake uingie ndani ya kiganja, na viganja vyangu vikiwa vidogo alinicheka kwamba mimi nitahitaji karata za wanasesere. Kisha uisikilize. Karata nzuri ikikimbia inalia kama mvua inapoanza kwenye bati, na sisi watu wa Tukuyu, sauti hiyo nani asiyeijua? Jambo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: ununue pakiti mbili zenye mgongo uleule, rangi ileile. Maana Mjomba alikuwa na namna ya kukuwekea karata mbele mpaka ukachukua ile aliyotaka yeye, huku ukiapa umechagua mwenyewe. Hiyo ikishaingia kwenye mkono wa koti lake, pacha wake yuko tayari kiganjani, atatokea popote, kwenye kofia yako, kwenye kikapu cha mama muuza dagaa.

Tatizo lilikuwa unyevu. Kwetu Rungwe hata chumvi inalia. Karata zikikaa siku mbili tu zinavimba na kugandana. Kwa hiyo zilikaushwa jikoni, kwenye uchaga juu ya moto, zikipangwa kati ya mahindi, kisha zinapakwa poda kidogo. Na aliyezipanga na kuzigeuza ni Bibi, ambaye kanisani alikuwa mzee wa kina mama na nyumbani alisema kila siku kwamba karata ni vitu vya shetani. "Ee Kyala, nisamehe, nakausha," alikuwa akisema, anamwita Mungu kwa Kinyakyusa huku anageuza malkia wa kopa.

Sasa sikia kosa lenyewe. Siku moja ya gulio jirani yetu alipita na mtamba wake. Mtamba mweusi, ngozi inang'aa, alikuwa anampeleka akaonwe na wakwe, maana ndiye wa mwisho kwenye mahari ya mwanawe. Unatujua sisi Wanyakyusa na ng'ombe. Mwanamume anaweza kukusamehe ukimtukana yeye, lakini ng'ombe wa mahari hachezewi. Mjomba alikuwa amezungukwa na watu, wanacheka, wanapiga makofi, na sifa zikamlevya. Akamwita jirani achomoe karata. Jirani akachomoa nane ya uru, akairudisha. Mjomba akazichanga, akazitandaza, nane ya uru haipo. Kisha akamsogelea yule mtamba, akamkuna kichwani kwa upole, na akaichomoa nane ya uru sikioni mwake.

Gulio zima lilipasuka kwa kicheko. Jirani mwenyewe alicheka. Ni wazee wawili watatu tu ambao hawakucheka, nami niliwaona wakitazamana.

Haikupita muda mtamba akaanza kuhema, matezi yakavimba chini ya sikio, akaacha kula. Akafa. Bwana mifugo alikuja akasema ni kupe, lakini nani alikuwa na masikio ya kumsikiliza? Uvimbe ulianzia sikioni! Kila mtu aliona kwa macho yake kitu kikitolewa sikioni mwa ng'ombe yule, na kile kitu si karata, wakasema, karata ni macho yetu tu. Kilichotolewa ni uhai. Watoto wakakatazwa kucheza nami. Mtu akija kuomba moto alisimama mbali, anaupokea na kuondoka bila kusema ndaga, asante ya kwetu.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, asubuhi, manyunyu yanaanguka. Nilijua la kuogopa, kwa sababu zamani aliyeshikwa na uchawi alihamishwa, anabeba godoro lake na hakuna anayemuaga. Jirani alisimama akasema kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakuwa na ugomvi na sisi. "Wakwe walishamwona yule mtamba. Mwanangu sasa nimwambie nini? Mimi nataka tu huyu aondoke."

"Ni ufundi wa mikono," Mjomba akajibu. "Hakuna dawa pale."

"Basi tuonyeshe," mwenyekiti akasema.

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Angefungua kiganja tu! Angesema, ziko mbili, hii hapa na pacha wake huyu hapa, mambo yakaisha. Lakini kuufunua mchezo ni kuuua, na mchezo ndio kitu pekee ambacho kiwanda hakikumnyang'anya. Akafikiri akiufanya vizuri sana wataona kwamba ni ufundi. Akazichanga, karata zikalia vizuri ajabu kwenye ule ukimya, akamchagulisha mjumbe mmoja, na nane ya uru akaitoa kwenye kofia ya mwenyekiti. Mwenyekiti aliivua kofia akaitupa chini kama ina nyuki. Watu wakarudi nyuma. Mjomba, jasho linamtoka, akafanya tena, safari hii ikatokea kwenye mfuko wa shati la jirani mwenyewe. Mama mmoja akaanza kulia. Kila alivyofanya vizuri ndivyo alivyozidi kuzama. Nikamvuta koti, nikamnong'oneza, "Mjomba, waonyeshe kiganja." Akanitazama kama hanijui.

Sauti ya nyuma ikasema, "Abebe vitu vyake leo hii." Na nyingine zikaitikia.

Bibi akainuka. Alikuwa amekaa na wanawake, khanga kichwani. Alikwenda mpaka katikati ya uwanja, akanyoosha mkono. "Gwe, lete hizo karata." Mjomba alisitasita, lakini mama ni mama, akampa zote, na nane zote mbili za uru zimo. Bibi akazichanga kama anapepeta maharage, nusu zikataka kumwagika. Akamwendea jirani.

"Chukua moja."

Jirani akanyoosha mkono. Bibi akaukwepesha. "Siyo hiyo. Hii. Nimesema chukua hii!"

Mtu mmoja akakohoa kuzuia kicheko. Jirani akachukua nane ya uru, akairudisha, na watu wote wakamwona Bibi akiisokomeza ndani ya khanga. Kisha akapeleka mkono kwenye sikio la jirani, karata imechomoza kati ya vidole vyake waziwazi kama mkia wa panya. Kabla haujafika ikamponyoka. Ikaangukia matopeni, uso juu. Akajidai kuinama aiokote, na ile ya kwenye khanga nayo ikadondoka kando yake. Nane mbili za uru, zimelala kwenye matope.

"Ziko mbili," Bibi akasema, anawazungukia watu wote. "Mimi ndiye ninayezikausha, ningeshindwaje kuzijua? Mwanangu si mchawi. Mwanangu ni mwongo tu, mwongo wa mikono. Mwongo mnamfukuza mnampeleka wapi, mtabaki na nani?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani mwangu. Mwenyekiti alicheka mpaka akaiokota kofia yake akajifuta nayo machozi. Bwana mifugo, aliyekuwa akisema kupe, kupe, tangu mwanzo, sasa akapewa nafasi akaeleza. Jirani hakucheka, ila mwisho alimpa Bibi mkono, wakashikana muda mrefu. Nasi tukarudi nyumbani na vitu vyetu vikiwa palepale.

Mjomba alibaki uwanjani akiokota karata. Alipofika jikoni alisimama mlangoni. "Mama, ungeniacha tu wanifukuze. Ningeondoka na kitu changu."

"Uende wapi," Bibi akamjibu, hajageuka, anakoroga chungu. "Na mimi nimpikie nani?"

Gulio lililofuata watoto walimpokea kwa wimbo: ziko mbili, ziko mbili! Hakuna aliyeogopa tena, na hakuna aliyeshangaa. Alizunguka mara chache, akaacha. Akahamia Isongole kulima viazi. Kwa mama yake alitimiza yote, viazi alileta, paa alitengeneza, na Bibi alipougua alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka barabarani. Lakini kucheka naye hakucheka tena. Niliumia sana, na bado naumia. Siku moja nilimuuliza Bibi kama ile karata ilimponyoka kweli, au aliiangusha kusudi. Aliitazama mikono yake, yenye nyufa za jembe. "Mikono hii imebeba watoto saba," akasema, "sijaangusha hata mmoja." Akaendelea kuchambua maharage yake. Alizikwa bila Mjomba kumwambia asante, na mimi sikuwahi kupata ujasiri wa kumwambia Mjomba maneno hayo.

Sasa umejua kwa nini nilinusa karata dukani. Nilipanda bodaboda na binti yangu mpaka Isongole. Mjomba ni mzee sasa, mikono inatetemeka. Magulio aliyozunguka yamejaa spika na simu, na watoto wanaona maajabu kwenye kioo bila mtu kuwaita. Jiko la Bibi lilishabomoka, uchaga na moshi wake vyote vimekwenda. Mjomba alizipokea karata, akazinusa, akazipinda, akazisikiliza. "Umechagua vizuri, mpwa wangu," akasema, nami nikajisikia mtoto. Kisha akamwambia binti yangu achomoe moja. Ilikuwa nane ya uru, bila shaka. Akaizungusha, akaipoteza, akanyoosha mkono kwenye sikio la mtoto, na vidole vikatetemeka, karata ikaanguka juu ya gunia la viazi.

"Babu, imeanguka!" Binti yangu alicheka kwa furaha yake yote.

Mjomba aliitazama ile karata muda. Niliogopa ataumia. Nikamwambia basi, yale maneno ya Bibi, ya mikono na watoto saba. Alinyanyua karata, akaifuta vumbi kwenye suruali.

"Mama aliangusha vizuri kuliko mimi," akasema.

Nilimwambia hayo akamwambie mwenyewe, kaburi liko palepale kijijini, tungeweza kwenda wote watatu, siku hiyohiyo. Akachungulia nje mlangoni.

"Mvua ikikatika," akasema.

Nawe unaijua mvua ya kwetu.