Bonface na Dawa ya Kugawana

Bonface, mume wa mdogo wangu Phanice, alisifiwa kisiwa kizima cha Remba kwa ukarimu. Mimi sikumsifu hata siku moja. Ukarimu gani huo wa mtu asiyetumia kichwa?

Alikuwa na mashua ya kuvua omena, dagaa wa ziwani, na vijana watatu, na kila kilichopatikana kiligawanywa sawa: samaki, sigara, hata dawa. Mmoja akishikwa na kuhara damu, Bonface alinunua vidonge dukani kwa Ratemo akawapa wote, mgonjwa na wazima, kimoja kimoja. "Omera, ndugu yangu, sisi ni watu wa mashua moja," angesema akijipiga kifua. Tumbo likitulia kidogo, vilivyobaki vilifungwa kwenye nailoni kungoja mgonjwa mwingine. Eti kinga. Upuuzi mtupu.

Mwaka wa tisini na saba vidonge hivyo viligoma. Kisiwa kilihara, watu wakavitafuna kama njugu, nafuu hawakuiona. Kisha akashikwa Damaris, binti wa Phanice, mtoto wa miaka minne.

Tukamvusha ng'ambo hadi zahanati. Sista akatueleza polepole, kama anayefundisha watoto: vijidudu vya kisiwani vimeonjeshwa ile dawa nusunusu mpaka vimeizoea, haviogopi tena. Akampa Bonface dawa nyingine, kali, ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Ni ya mtoto peke yake. Aimalize, hata mkiona amepona."

Bonface akaitikia kwa kichwa. Kichwa chake ni cha kuitikia tu.

Kesho yake Damaris aliomba uji. Basi bwana mkubwa akaamua mtoto amepona, akachukua dawa iliyobaki aipeleke ufuoni, vijana wake walikuwa wanaumwa.

"Baba Damaris, sista alisema amalize," Phanice alimsihi.

"Unataka watu wangu wafe, na mtoto ni mzima?"

Damu ikarudi, mbaya kuliko mwanzo. Tukamvusha tena. Sista akauliza dawa iko wapi, na yule mtu akajibu bila haya, "Tulikunywa wote, sista. Kwetu hatubagui."

Sista hakuwa na nyingine. Alituambia tukimbie Homa Bay, hospitali kubwa. Nikambeba Damaris mgongoni, na kabla hatujafika barabarani akakata roho. Nilihisi kichwa chake kikilegea begani mwangu, na Bonface yuko nyuma, ananieleza kwamba vijana wake wote wamepona.