Kitenzi Alichokuja Nacho Kaka Yangu

Nimefundisha Kiingereza hapa Nabuyonga, Mbale, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na sikuwahi kulihitaji neno exhume. Halimo katika masomo ya watoto wangu, na sokoni halina kazi. Kisha asubuhi moja kaka yangu akaliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: amepata mnunuzi wa kiwanja, kwa hiyo tutam-exhume mama. Mwishoni akaweka kialama cha mikono inayoomba. Maziwa yakafurika jikoni, nikayaacha yafurike.

Mama yetu amelala kaburini katika kiwanja hicho, Jinja, upande wa kuelekea Masese. Mnunuzi anataka kujenga ghala la samaki. Kaka ndiye mkubwa, ndiye msimamizi, hilo nalijua. Lililonichoma ni lile neno. Kwa nini Kiingereza? Kwetu tumesema Kiswahili tangu babu zetu walipokuja huku na jeshi kutoka Sudani. Kwa ajili yake tuliitwa watoto wa askari shuleni, tukanuniwa sokoni, na hatukukiacha. Kaka akigombana na mkewe hugombana kwa Kiswahili. Leo anamtaja mama kwa kitenzi cha mahakamani!

Nikieleze kitenzi chenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Muhogo hau-exhumiwi. Muhogo unauchimba. Neno hili Waingereza wamewawekea wafu, na linakuja na msafara wake: kibali, daktari, polisi, watu wenye glovu. Ni neno lililovaa suti. Sisi tunasema kufukua, na kufukua hakuhitaji kibali cha mtu, hata mbwa hufukua. Kaka alilijua hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana alijificha nyuma ya suti.

Nikapanda gari la Jinja siku hiyo hiyo. Tulipofika Busiu, Mbale ikiwa bado karibu nyuma yetu, nilikuwa nimeshamtukana kichwani mpaka matusi yakaniishia, nikaanza upya.

Nilimkuta kaka sebuleni kwake na mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye Kiingereza hakijui hata cha salamu. Kaka alikuwa akimbembeleza.

"Bosi ya kununua kiwanja atalipa kila kitu, mama. Jeneza muzuri, iko na kioo. Mama ata-exhumiwa na heshima."

"Hiyo ni kitu gani, mwanangu?"

"Ni utaratibu tu."

"Utaratibu ya kufanya nini?"

Kaka akanitazama mimi. Alitaka mwalimu amtafsirie! Damu ikanipanda.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Kwa Kiswahili. Mdomo unao."

"Tutamuhamisha," akasema.

"Anahamaje? Amefunga mizigo? Sema neno lake, bwana!"

Sina desturi ya kufoka mbele ya wazee. Siku ile nilifoka. Nikamuuliza hilo jeneza la kioo ni la kuweka nini. Mama alizikwa kwa sanda peke yake, ubavu wake juu ya udongo, na mvua ngapi zimempitia tangu hapo! Huyo bosi amezoea wafu wanaolala ndani ya mbao, na kaka, Mwislamu mwana wa Mwislamu, anamwitikia ndiyo, ndiyo.

Kaka akainamisha kichwa. "Kumufukua," akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno kwa mwanamume wa umbo lile.

Nilidhani mama mdogo ataangua kilio. Hakulia. Aliuliza kama anayeuliza nani atapika pilau kwenye harusi.

"Na nani atashuka?"

"Bosi iko na wafanyakazi, mama."

"Wafanyakazi." Akavuta kitambaa chake kichwani. "Dada yangu, mwanaume ya nje hakumugusa, hata siku ya kuzikwa. Mimi nilikuwa kwa dirisha, niliona. Ulishuka wewe. Ulimupokea na mikono yako, ukamulaza ndani ya mwanandani, ukafungua kamba ya sanda. Sasa kama lazima atoke, utashuka wewe, mutoto yake. Hakuna mutu mwingine."

Hakuna Kiingereza kilichomjia kaka.

"Siwezi, mama."

"Basi piga simu kwa bosi yako. Mwambie hivyo. Hapa hapa, tusikie."

Akapiga. Sikumhurumia. Hasira yangu haikuwa imepoa, na mpaka leo haijapoa yote, maana najua kama mama mdogo asingeuliza, kazi ingefanyika, na sisi tungealikwa kuja kuangalia kioo. Kaka alimwambia yule mtu kwamba kiwanja hakiuzwi. Yule mtu akapaza sauti hata sisi tukamsikia akidai sababu, kwa nini, kwani kuna nini, si walikubaliana.

"Ni mimi nilimulaza," kaka akasema.