Tanuri la mkate linalooka taa za magari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Wilhelmina Sixtus anachota unga wa dona kwa ncha za vidole na kuunyunyiza kwenye sakafu ya tanuri lake, nyuma ya nyumba yake hapa Mlandizi. Anahesabu kimya kimya. Afikapo ishirini, unga umegeuka rangi ya kahawia, ishara kwamba moto umefika. Anasukuma ndani bati lenye kipande cha plastiki ngumu, kisha anajitenga upande unakotokea upepo.

Hapo hasemi na mtu. Plastiki hii inaitwa polikaboneti, na haitaki mzaha. Ukiiwahi, inakataa kupinda, ukiichelewa, inaungua. Ikishalegea kama chapati mbichi anaivuta, anaitandika juu ya kalibu ya mti wa mninga na kuikandamiza kwa viganja alivyovifunga magunia. Anahesabu tena. Anapoinyanyua, ni kifuniko cha taa ya nyuma ya Land Rover, kilichobaki kupigwa tupa pembeni na kupakwa rangi nyekundu kwa ndani.

"Mkate ukiungua, kuku atakula," anasema huku akipuliza vidole. "Hii ikiungua, kuku mwenyewe anahama."

Mama huyu wa miaka arobaini na sita alioka mikate kwa miaka kumi na miwili na kuiuza kituoni, basi kwa basi. Mwaka 1981 ngano ikaadimika. Akangoja mwezi, akangoja miwili, tanuri likawa malazi ya kuku.

Mwaka uliofuata mwanawe Hilario, dereva wa pikapu, alikuja na ubao wa plastiki angavu uliokuwa kinga ya mashine. Kiwanda kimoja kilikuwa kinauza chakavu, naye alinunua kwa risiti. Kioo cha mlango wa gari lake kilikuwa kimevunjika, na Dar es Salaam nzima alikozunguka aliambiwa asubiri. Akamwuliza mama yake kama tanuri lile linaweza kupinda kitu kile kifuate mlango.

Majaribio matatu ya kwanza yalijaa mapovu. Wilhelmina anasema alikaa akayatazama yale mapovu, akakumbuka unga uliowekwa karibu na ukuta wakati wa masika. Plastiki nayo ilikuwa imekunywa unyevu. Tangu siku hiyo kila kipande hulala kwanza usiku mzima ndani ya tanuri linalopoa, kikauke taratibu, ndipo asubuhi kiingie kwenye moto wenyewe. Mapovu yakaisha. Hakufundishwa na fundi yeyote. Alijifunza kwa unga.

Kifuniko cha taa anauza shilingi sitini, kioo cha mlango mia na hamsini. Mwezi mzuri, akishatoa mkaa na plastiki, anabaki na kama mia tisa. Mwezi mbaya hazifiki mia mbili, na miezi mibaya ndiyo mingi.

Wenye kutamani kazi hii wajue na upande wake wa pili. Mwaka juzi, akikata kwa msumeno wa chuma, kijichembe kilimrukia jicho la kushoto, akakaa wiki nzima limefungwa kitambaa. Sasa havui miwani mpaka aweke msumeno chini. Moshi wa plastiki unaumiza kichwa. Watoto wa jirani anawafukuza, hata wakilia. Na Krismasi iliyopita majirani walipopata ngano kidogo wakamletea waokewe humo, alikataa katakata. Aliwaokea kwa sufuria, mkaa juu na mkaa chini, wakanung'unika, wakala. Anawaambia tanuri likishaoka plastiki, mkate limeagana nao.

Lakini jambo ambalo Wilhelmina anataka kila mwenye gari alisikie ni la kioo cha mbele.

Agosti mwaka jana kioo cha mbele cha pikapu ya Hilario kilipasuliwa na jiwe. Mama akachagua ubao wake bora kuliko zote, akaukausha siku mbili, akaupinda vizuri mpaka watu wa gereji walikuja kuushika. Kijana akaondoka nao anapiga honi. Mama akasimama mlangoni, moyo umemjaa.

Kilichofuata hakikuwa kosa la mtu mbaya. Waipa ilikwangua vumbi juu ya ile plastiki kila siku, ikaacha michirizi myembamba isiyoonekana mchana. Hilario naye, kama wafanyavyo madereva wote, alichovya tambara kwenye petroli akafuta matope. Kioo cha kweli hakijali petroli. Plastiki hii inajali: inaingia nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.

Wiki ya sita alikuwa akitoka Kisarawe kuelekea Vihingo, jua linazama mbele yake. Mwanga ulipopiga ile michirizi, kioo kizima kiligeuka cheupe kama maziwa. Alikata usukani, akaingia shamba la mihogo. Pembeni alikuwapo Siwema, mama wa watoto wanne, na mzigo wa kuni kichwani. Gari lilimgusa, akaanguka, akavunjika mguu. Hilario aliteguka bega.

Wilhelmina alipata habari asubuhi. Alikwenda Vihingo akiwa na kanga mbili na sukari robo, hajui atapokelewaje. Alipokelewa kwa uji. Siwema alimwambia ajali ni ajali, asijiue kwa mawazo. Wilhelmina alirudi akachoma kalibu ya kioo cha mbele, mbao zake zote, akasema hatengenezi tena.

Alhamisi hii, kabla kifuniko cha Land Rover hakijapoa, pikapu kuukuu inaingia uani polepole, haina kioo cha mbele. Anayeshuka ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni Kibwana, mume wa Siwema.

Wanasalimiana, wanaulizana watoto. Mguu wa Siwema umeunga, anachechemea kidogo tu siku za baridi. Kisha Kibwana anaeleza shida. Gari halijabeba mzigo miezi mitatu. Mihogo ya watu inaoza Vihingo, na juzi mjamzito amepelekwa Kisarawe kwa baiskeli. Dukani ameandikisha jina lake, wakamwambia vioo vitakuja fedha za kigeni zikipatikana.

"Nitengenezee, dada."

Wilhelmina anatikisa kichwa. Anamwambia mlango atampa, taa atampa, cha mbele hapana.

"Siwema ndiye kanituma," anasema Kibwana taratibu. "Kasema, mwambie Mama Hilario sisi tulikwisha samehe. Kasema anakuamini."

Mama huyu anakaa juu ya gogo la kukatia. Anafuta miwani yake kwa pindo la kanga, anafuta tena. Anayemwomba ni mtu pekee ambaye hakutegemea angemwomba.

"Baba Mwanamvua," anamwambia Kibwana mwishowe, "Siwema angekuwa na hasira ningekutengenezea, ili niondoe deni. Kwa kuwa kanisamehe, siwezi. Safari hii atakuwa yupo ndani ya gari."

Kibwana anatazama chini. Anasema basi aendelee kula vumbi.

"Vumbi utakula," anajibu Wilhelmina, "lakini utaona unakokwenda."

Anainuka. Anachukua kipande kilichobaki, kilichokwisha kukaushwa, anakata mapande manne yanayotosha kiganja. Anayatia motoni, anayapinda juu ya mchi, anayashonea vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na ukanda wa kufungia kichwani. Ni miwani, jozi mbili: moja ya dereva, moja ya atakayeketi naye mbele. Hapokei pesa. Anatoa masharti: mwendo wa pole, wengine wakae nyuma ya kibanda cha dereva, asitembee jua likiinama, na miwani hiyo ioshwe kwa maji na sabuni. Petroli isiikaribie.

Kibwana anaivaa, anajitazama kwenye kioo cha pembeni. "Vihingo wataniita rubani," anasema. Wilhelmina anacheka, kwa mara ya kwanza tangu pikapu ilipoingia.

Gari likishaondoka anaonyesha karatasi alizomwomba mwalimu wa shule ya msingi amwandikie, atakazobandika kwenye kila kazi inayotoka kwake: kisifutwe kwa petroli, kisiwekwe mbele. Anataka aandikiwe mia moja.

Akiulizwa anachotazamia, hataji tanuri jipya wala plastiki zaidi. Anasema Hilario bado anaendesha, na kila akiwa safarini yeye hutoka jioni kusimama barabara kuu, anachungulia gari moja moja mpaka la mwanawe lipite.

"Naomba vioo vije meli nzima," anasema. "Vije vingi mpaka nikose kazi. Siku hiyo jua likizama, nitakuwa jikoni kama wanawake wengine."