Maua Yanayofumba Mchana

Watu wa Ihembe husema nilishindwa kutunza mji wangu. Sikushindwa. Nilinyang'anywa, na aliyeninyang'anya ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasema wazi.

Homa ilitupata mimi na binti yangu pamoja. Mimi nikapona. Yeye alizikwa mimi nikiwa bado kitandani hospitali, na waliokwenda kuzika walikuwa wachache kwa kuogopa ugonjwa. Kaburi alilichimba shemeji huyo huyo, chini kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, nyuma ya migomba. Saruji hatukuwa nayo. Niliporudi nilikuta tuta la udongo na mawe pembeni, basi.

Nikashuka bondeni kwenye unyevu, nikang'oa na mizizi yake yale maua ya bluu yenye majani marefu membamba kama panga. Binti yangu aliyapenda kwa sababu yalifanana na sketi yake ya shule. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza la kwanza. Akiyachuma asubuhi, mchana yamejikunja, analia: "Mama, yamelala tena!" Nikayapanda juu yake. Mwaka wa kwanza yalinuna tu. Mwaka wa pili yakachanua kaburi zima, nami nikawa nashuka kila asubuhi na kikombe cha uji, nakaa nayo mpaka yafumbe.

Kisha shemeji akapata mnunuzi wa kile kipande cha kibanja. Kwetu penye kaburi hapauzwi. Nikaita wazee. Yeye akawaomba waje alasiri, eti asubuhi watu wanalima. Anajua huyo! Amepita pale miaka yote.

Wakaja. Mawe hayakuwepo tena. Maua yamejikunja, hakuna hata moja la bluu, majani matupu.

"Kaburi liko wapi, mama?" mzee mmoja akaniuliza.

"Hili hapa, baba. Njooni asubuhi mtaliona."

Shemeji akacheka. "Kaburi gani hilo, shemeji, linaonekana asubuhi tu? Hizo ni nyasi. Nitaleta ng'ombe wazimalize."

Na wengine wakacheka. Kati yao alikuwemo mwenyekiti wa kitongoji; huyo alikuwepo siku ya kuzika, hata jembe alishika. Nikamtazama. Akatazama viatu vyake. Na huyo namtaja.

Asubuhi hawakuja. Nilikaa pale peke yangu, maua yamefunguka yote, bluu tupu, natazama njia mpaka yakafumba.

Kibanja kikauzwa; siku hizi nimepanga chumba Kihanga. Kabla hawajalima pale nilichimba mashina machache, nikayapanda mbele ya mlango. Yameshika vizuri. Wapita njia wanasimama: "Mama, maua yako mazuri, nigawie na mimi." Nawagawia. Asubuhi nikifungua mlango yamechanua, nakaa nayo na uji wangu kama zamani.

Ila chini yake hamna mtu.